Maji Yamemchukua Kindness

Jumatatu, 3 Machi

Belo la leo limetoka na ndege isiyo na mabawa, farasi wawili, na mguu mmoja wa kijani wa jitu la plastiki. Farasi ni wazima, watakwenda kibandani. Ndege na mguu ni vyangu.

Niandike vizuri nisije nikasoma mwakani nikajishangaa. Nauza midoli ya mtumba sokoni hapa Babati. Kila belo lina vizima na vilivyovunjika, na vilivyovunjika hakuna anayevitaka. Mimi ndiye ninayevitaka. Navikata kwa wembe, naviunga, navipaka rangi, vinatoka vijitu vya urefu wa kidole ambavyo Mungu hakuwahi kuviwazia. Nina askari mwenye kichwa cha mswaki. Nina kiboko mwenye mabawa ya kuku. Nina bibi kizee aliyepanda konokono, na konokono ana magurudumu manne, mawili ya gari la polisi. Wamejipanga dirishani, kumi na wanne mpaka leo, na serikali yao ni mimi.

Nje kumenyesha kidogo, mvua ya kutuliza vumbi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Asubuhi padri amenipaka majivu kwenye paji la uso, jioni nikachota mengine jikoni kwa ajili ya kazi. Ufundi huu nimeuiba kwa fundi viatu: unatia supa gluu kwenye kiungo, unanyunyiza majivu laini juu yake, na kabla hujapumua kimeshaganda kama jiwe. Unaweza hata kukipiga tupa. Mguu wa kijani sasa ni mnara wa ngome. Ndege nimeipindua, imekuwa paa.

Nimetubu dhambi zote ila moja, kwa hiyo niiweke hapa.

Nilipohamia chumba hiki hapa mtaani Singe mwezi wa kwanza, jirani wa mlango wa pili alinisaidia kubeba godoro. Tulipolitua akajifuta jasho, akaniuliza, "Nikuite Mama nani?" Swali la kawaida kabisa. Mwanamke wa miaka thelathini na nane haitwi na jirani yake Hilaria hivi hivi, kama mtoto wa shule. Mimi sina mtoto. Miaka kumi kule Dongobesh nilikuwa mke wa Xavery, na kwa sababu hiyo hiyo ya mtoto sikuwa tena mke wa Xavery. Ningesema sina, tungeanza na pole, na mimi sikutaka kuanza na pole. Nikatazama barabarani. Bajaji ilikuwa inapita, nyuma yake imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: KINDNESS.

"Mama Kindness," nikasema.

Sasa Kindness ana miaka tisa, anasoma darasa la nne, anakaa kwa mama yangu Dongobesh, na hesabu zinamshinda. Hiyo ya hesabu sikuikusudia kabisa, ilitoka yenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sikuuza kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Kama jana.

Jumapili, 23 Machi

Mama Soila ameingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Ndiye huyo jirani wa godoro. Jina lake ni Naiputa, ni Mmasai wa Simanjiro, asubuhi anauza maziwa na mchana anatunga shanga. Binti yake Soila ameolewa Orkesumet. Nilikuwa namwona mtu mkali, kwa vile hachekicheki ovyo. Leo alikuja kuomba kiberiti, akaviona vijitu dirishani, kiberiti akakisahau. Aliwapitia mmoja mmoja kama anayekagua mbuzi wakirudi zizini.

"Hii yote ni ya Kindness?"

"Ndiyo." Mdomo wangu umeshazoea.

"Hii mtoto yako ana bahati. Mama yake kichwa mbovu." Alisema hivyo kwa heshima kabisa. Akamwinua kiboko. "Huyu anaruka mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Anafuata nini?"

"Nyasi za ng'ambo bado hazijaliwa."

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Kwa mfugaji jibu lilikuwa limekamilika. Kisha tukaendelea hivyo mpaka giza, nani ni adui wa nani, bibi wa konokono anauza nini, mnara unalinda nini. Mwaka mzima sikuwa nimeongea na mtu muda mrefu hivyo. Alipoondoka chumba kilikuwa kikubwa na kibaya.

Jumatatu, 24 Machi

Mama Soila ameniachia mlangoni kifuko cha shanga ndogo za rangi zote, zilizobaki kwenye kazi zake. "Tengenezea Kindness kitu," kasema.

Nitamwambia ukweli Jumapili.

Jumanne, 1 Aprili

Jumapili ilipita. Leo ni Siku ya Wajinga, nimeshinda kibandani peke yangu nikiisherehekea.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemaliza kumtengeneza. Imechukua siku nane na sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Kichwa kimetoka kwa mdoli mdogo wa mnyororo wa funguo, kilichokuwa na tundu kisogoni. Nimeliziba kwa majivu na gundi, nikachonga nywele za kusuka kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto kwenye mshumaa. Mwili ni kifuniko cha kalamu. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni mwanafarasi, maana mtoto wa miaka tisa hatembei, anarukaruka. Mabawa ni ya nyuki wa plastiki, nimeyapunguza. Kwanza nikampaka rangi nyeupe iliyobaki kwa jirani aliyepaka geti, ili rangi nyingine zishike. Ngozi nimeichanganya mara tano kabla haijakubali: kahawia, tone la rangi ya kucha nyekundu, na manjano kidogo sana, ya kutosha kucha ya mtoto mchanga. Halafu nikachovya brashi, nikaifuta kwenye kitambaa mpaka ikawa karibu kavu, nikampitishia juu juu, na mashavu yakatokeza yenyewe. Brashi hiyo nimeifunga mwenyewe, manyoya matatu ya mbuzi kwenye njiti ya kiberiti. Shingoni amevaa shanga saba za Mama Soila.

Macho ndiyo yanayoua. Unazuia pumzi, unagusa mara moja, na ukikosea umetengeneza kipofu. La kulia limekaa sawa. La kushoto limeangalia pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa na yuko njiani kugeuka. Nilitaka kulifuta nikashindwa.

Nilipokuwa nambana kwa koleo nikajisikia nasema, "Tulia mama, tulia, tunamaliza sasa hivi." Nikaweka koleo chini.

Wengine wote hawana majina. Huyu analo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama Soila amemwona. Hakumshika. Akauliza, "Ndiye yeye?" Nikasema ndiye yeye. Akasema, "Amefanana na wewe." Moyo wangu ulipasuka kwa furaha, na muda huo huo nikatamani kufa kwa aibu.

Nitamwambia Jumapili.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mama Octavian amenikamata baada ya Njia ya Msalaba. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa kupanga watu kama vikombe kabatini, nami namkimbia kila ninapoweza. Anataka Kindness aje Pasaka acheze kwenye igizo la watoto. "Tangu Januari tunamsikia tu," kasema, "tumechoka kumsikia." Nimesema mvua imeharibu barabara ya Mbulu, ya kwenda Dongobesh. Ni kweli imeiharibu. Siku hizi nachagua uongo wenye ukweli ndani yake, ndiyo unaokaa.

Mama Soila alikuwa pembeni. Tulipofika nyumbani akanionyesha bangili ya shanga, ya mkono mdogo. Hataki kunipa mimi, anataka kumvisha mwenyewe.

Nikimwambia nitampoteza, na sina mwingine. Nisipomwambia atakaa na bangili hiyo akimngoja mtu asiyekuwepo. Nimeandika hivi nione kama karatasi itanipa jibu.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Amekuja na pilau. Sikumwambia.

Jumatano, 30 Aprili

Siku hizi tatu sikuweza kushika kalamu. Naandika kwa utaratibu, jinsi ilivyokwenda.

Jumapili saa kumi alasiri mvua ilishuka kutoka mlimani pamoja na upepo. Muda mfupi kabla yake kulikuwa na jua, na nilikuwa nimemweka Kindness kwenye kizingiti cha dirisha, nje, vanishi yake ikauke. Nilikuwa nimeshika simu nimpige picha. Upepo ukalibamiza dirisha. Akaanguka kwenye mfereji wa uani, na mfereji ulikuwa tayari unakimbia, maji mekundu yenye takataka. Nilitoka bila viatu. Nilipiga magoti nikaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, nikipapasa matope. Alikuwa ameshapita chini ya ukuta, ameingia barabarani, na mitaro ya barabarani yote inakwenda ziwani.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya plastiki, nisijidanganye. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu.

Mama Soila akatoka mbio. "Nini? Mama Kindness, nini?" Aliniona nimepiga magoti kwenye mvua, simu mkononi.

"Maji yamemchukua Kindness," nikasema.

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Nimejaribu kukumbuka kama nilimaanisha adanganyike, na jibu langu ni hapana. Lakini nilipoona uso wake nilijua amesikia nini: kwamba nimepigiwa simu kutoka Dongobesh. Masika haya maji yamechukua watoto kweli, redio imetangaza. Alipiga ukelele mmoja akanivuta kifuani kwake, mimi na matope yangu. Ananukia maziwa na moshi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Tangu Dongobesh hakuna mtu aliyenishika hivyo, nikataka dakika moja zaidi. Dakika hiyo ikaleta majirani sita.

Saa kumi na mbili turubai lilikuwa limefungwa uani, mikeka imetandikwa, kuni zimeletwa, sukari na unga vimejaa mlangoni. Mama Octavian aliongoza rozari. Aliingia chumbani, akawatoa watu wangu wote wa plastiki dirishani, akawaweka kwenye ndoo na kuifunika kwa kitenge. "Vitu vya mtoto vinaumiza macho," kasema, taratibu, huyu ninayemkimbia. Kila nilipofungua mdomo mtu alinishika bega. "Usiseme. Pumzika." Waliomba namba ya mama yangu, nikasema simu imeingia maji. Nilikula uji uliopikwa kwa ajili yangu. Niliupenda. Lazima niandike na hilo.

Mama Soila alilala chini pembeni ya kitanda changu. Alfajiri ya Jumatatu aliwasha jiko, akanigeuzia mgongo, akaanza kusema huku akipuliza moto.

"Soila ni wa pili."

Nikageuza kichwa kumtazama.

"Watu wananiita Mama Soila. Mimi nilikuwa mama ya mwingine, mbele. Alikuwa na miaka sita. Homa tu. Kwetu mtu akikufa hatutaji. Hiyo jina inazikwa na yeye. Mimi nimenyamaza miaka ishirini na tatu, hata baba yake hajanisikia." Akageuka. "Leo nakuambia wewe, usikae peke yako."

Akalitaja. Mara moja, polepole. Halafu akasema, "Sasa iko wawili, tunatembea pamoja."

Jina hilo sitaliandika hapa wala popote.

Saa tatu asubuhi Noah ilisimama mbele ya geti. Mama Octavian alikuwa amezunguka tangu saa kumi na moja alfajiri kuitafuta. Wanawake tisa walikuwa wamejifunga khanga, wamebeba vikapu vya chakula. "Haya mama," akaniambia, "gari limepatikana. Twende Dongobesh tukamzike mtoto."

Nikasimama. "Hakuna wa kuzika," nikasema.

Wakafikiri nimechanganyikiwa, mmoja akaja kunishika. Nikarudi nyuma. "Msinishike. Kindness hakuzaliwa. Sina mtoto, nilidanganya tangu siku ya kwanza, jina nililisoma nyuma ya bajaji. Kilichochukuliwa na maji ni mdoli niliotengeneza mwenyewe. Wa urefu huu." Nikaonyesha kidole.

Dereva akazima gari.

"Mdoli," akasema Mama Octavian.

"Ndiyo."

"Tumesali rozari mbili, tumeita majina ya watakatifu wote, kwa mdoli."

"Nisameheni."

Hakuna aliyetukana. Ningependa wangetukana. Walikunja mikeka, walibeba kuni zao, mmoja alirudi kuchukua sufuria. Mama Soila alikuwa ameshika birika la chai. Akaliweka chini, akaenda kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaingia kwake, akafunga mlango.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Wamepita na ngoma barabarani. Nimekaa ndani.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani kwenye benchi langu nilikaa peke yangu. Mvua.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Maziwa ya Mama Soila yanapita mlangoni kwangu kila asubuhi, mkebe unagongana na ndoo, haugongi tena mlango.

Ijumaa, 9 Mei

Vijana wa bodaboda pale kona wamenipa jina. "Mama Mdoli, mambo? Watoto hawajambo?" Nikajibu, "Poa, wanasalimia." Walicheka mpaka mmoja akaangusha helmeti. Hata mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani nilijifungia, nikakaa chini nyuma ya mlango.

Vijitu bado vimo ndani ya ndoo. Belo jipya limeleta joka zima lisilo na kichwa, na sikulitamani.

Alhamisi, 15 Mei

Mama Octavian amegonga. Nilijua amekuja kunifukuza jumuiya. Hakukaa. "Sala ya leo ni kwangu saa kumi," kasema. "Usipokuja watasema zaidi. Ukija watasema mbele yako, ni afadhali." Nikaenda. Walisema mbele yangu, kidogo, kisha wakaniachia kikombe cha chai. Nimemfikiria vibaya mwanamke huyu tangu Januari.

Lakini mimi simtafuti Mama Octavian.

Jumamosi, 17 Mei

Mlinzi wa soko letu ni Mzee Kulet, Mmasai wa Kiteto, anakaa na rungu lake karibu na kibanda changu. Nimempelekea kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe siku hizi huuzi, unaangalia tu."

Nikamuuliza, mtu wa kwao akikosewa sana, anaombwaje radhi. Hakuuliza ni nani. Pengine soko zima linajua.

"Majani," akasema. "Majani mabichi. Hata mtoto anachapwa, akiwahi kung'oa majani akashika hivi, baba anaacha fimbo. Ni lazima aache."

"Kosa lolote?"

"Fimbo yoyote," akasema mzee. Nimeona ni jibu lile lile.

Jumapili, 18 Mei

Masika haya nyasi zimejaa hata njiani. Niling'oa fungu kubwa nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya mlango wa Mama Soila nikiwa nimelishika kwa mikono miwili. Alifungua. Akatazama nyasi, akanitazama mimi.

"Nani alikufundisha?"

"Mzee Kulet wa sokoni."

"Alikwambia vizuri. Nani anakuchapa?"

Nikazisogeza nyasi mbele kidogo.

"Majani inasimamisha fimbo," akasema. "Mimi sina fimbo. Mimi nimekupa neno. Majani hairudishi neno."

Akafunga mlango bila kuubamiza. Nilibaki na nyasi mikononi, udongo unanidondokea miguuni, maana nilizing'oa na mizizi yake. Ana haki. Nilidhani ananikasirikia kwa uongo. Kumbe uongo wangu ni mdogo, ni wa bajaji. Yeye alimtoa mtoto wake alipokuwa amemficha miaka ishirini na tatu, akamleta kukaa na mtoto wangu, na pembeni yake hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imepungua. Siku nzima wingu tu.

Jumapili, 1 Juni

Leo aligonga mwenyewe. Mchana, saa nane. Alisimama mlangoni, shuka yake imefungwa vizuri kama anakwenda ofisini.

"Wewe unaandika," akasema. "Nakuona dirishani. Hiyo jina umeandika?"

"Hapana."

"Mimi sijui kusoma."

"Najua."

"Nisomee. Hiyo siku. Yote, usiruke."

Akaingia, akakaa kwenye kiti kimoja nilichonacho. Mimi nilikaa kitandani nikasoma kurasa za tarehe 30 Aprili, tangu upepo mpaka alipofunga mlango. Pale nilipoandika kwamba nilipenda uji nilitaka kupita. Sikuruka. Nilipofika penye jina, ambapo hakuna jina, niliinua macho. Alikuwa ameangalia sakafu. Nikaendelea mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Rudi nyuma. Pale nimekushika."

Nikasoma tena. Tangu Dongobesh hakuna mtu aliyenishika hivyo.

"Dongobesh walikushika kwa nini?"

Hilo sikuwa nimeliandika popote, wala sijawahi kumwambia mtu hapa Babati. Nikamwambia. Nilipata mimba mbili. Hazikufika. Mama mkwe wangu ni mtu wa mila za zamani, na kwa mila hizo mimba ikitoka nyumba inatengwa. Majirani hawaingii, hawachukui moto jikoni kwenu, hawapokei hata chumvi. Mara ya kwanza tulikaa hivyo wiki nyingi, mara ya pili zaidi. Usiku mmoja tu, ule wa kwanza kabisa, mama yangu mzazi alivunja mwiko akaja akanishika mpaka kukakucha. Baada ya hapo hata yeye walimzuia. Mimi nilikuwa ndani, nawasikia watu wakipita njiani wakisalimiana.

"Baada ya usiku huo nani alilia na wewe?"

"Hakuna."

"Hata Xavery?"

"Alikuwa analala kwa kaka yake."

Mama Soila akavuta pumzi. Uso wake ulikuwa na hasira, lakini haikuwa ile ya mwezi wa nne.

"Sasa hao," akasema, "hao wawili. Kwa nini hukuniambia hao? Ulinipa mtoto ya bajaji, na wa kwako ulikuwa nao. Ungeniambia hao, mimi ningekuja vilevile."

Alinyanyuka, akasimama kidogo mbele ya ndoo iliyofunikwa kitenge, hakuifunua. Mlangoni akasema Jumamosi hatauza maziwa.

Jumamosi, 7 Juni

Sikufungua kibanda. Jua limewaka siku nzima, matope yameanza kupasuka uani.

Mama Soila alikuja saa moja asubuhi na mkeka wake, akautandika katikati ya chumba kama msibani, akaniambia nikae. Hatukumwita jirani yeyote. Aliuliza walikuwa wa miezi mingapi. Nikasema mmoja minne, mwingine sita na nusu. Akauliza kama niliwaona. Nikasema yule wa pili nilimwona, alikuwa na vidole vyote. Aliuliza polepole hivyo, kimoja kimoja. Majina hakuuliza. Mchana alipika uji. Nilipoanza kulia alisogea akanishika, ananukia maziwa na moshi, na mara hii nilijua nawalilia akina nani.